Sili, Naonja Tu

Aliyelikosa gazeti la Ijumaa iliyopita asisumbue jirani. Mambo yenyewe ni haya.

Faraj wa Kibokoni, mpishi wa halwa, mtu wa miaka hamsini na sita na tumbo la kumtangulia, ana ugonjwa wa sukari. Alikwenda zahanati kutibiwa kidonda cha kidole cha mguu, akaambiwa kidonda ni mgeni tu, mwenye nyumba ni sukari. Mkewe, Maisara, aliposikia hivyo akamnyang'anya ufunguo wa jiko la halwa na kuuvaa shingoni.

Tangu siku hiyo Faraj ana wimbo mmoja: "Sili, naonja tu." Kula ni kula na kuonja ni kuonja, na mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Ameonja barazani, ameonja msikitini siku ya maulidi, ameonja kwenye matanga ya watu asiowajua. Maisara amekwisha kumshika uwongo mara mbili, na mara ya pili aliapa. Uwongo wa tatu, yeye anafunga nguo zake anakwenda kwao Lamu, na harusi ya binti yao Mwanakuu, Jumapili hii, Faraj ataisimamia peke yake.

Wakapatana. Jumanne Faraj akapimwe mkojo. Ukitoka safi, anarudishiwa ufunguo na kupika mwenyewe halwa ya harusi. Ukitoka mchafu, atapika Zakariya wa Makadara. Zakariya! Miaka ishirini Faraj amekuwa akiiita halwa ya Zakariya gundi ya kubandikia mabango, tena mbele za watu.

Sasa mtu mwenye akili, akipewa muda wa wiki mbili, angeacha kuonja. Faraj akatafuta mkojo wa mtu mwingine. Akampata Kingi, mkorogaji wake, Mrabai wa miaka thelathini na mitano ambaye mikono yake peke yake ingetosha kusukuma feri. Wiki jana tulimwacha Faraj kwenye benchi la zahanati, chupa ya dawa ya kikohozi imo mfukoni mwa koti, mkojo wa Kingi, uliolala kwenye dirisha la choo tangu Jumatatu jioni, umo ndani ya chupa, naye anatabasamu peke yake.

Tabasamu hilo lilidumu dakika nne.

Sista Everlyne, muuguzi wa zahanati, alitia matone manane ya mkojo kwenye kioo chembamba chenye dawa ya buluu, akakishika kwa koleo juu ya moto.

"Ikibaki buluu, mzee, leo utakwenda nyumbani ukiimba."

"Itabaki," alisema Faraj. "Nimejichunga mno."

Hakuwa amejichunga hata kidogo. Jumapili iliyotangulia, kwa muuza kahawa, alikuwa ameonja kipande cha ukubwa wa kiganja.

Dawa ikageuka kijani. Faraj akakunja uso. Ikawa manjano, Faraj akasimama. Ikapita rangi ya chungwa bila kusalimu, ikatua kwenye rangi ya tofali na kukaa hapo.

"Haiwezekani!" Faraj alipiga kelele. "Huyu ni mzima huyu! Huyu ana nguvu za—"

"Huyu nani?"

Faraj alikaa tena. "Mimi," alisema.

Sista Everlyne alitoka Kakamega akaingia Mombasa miaka kumi na mitano iliyopita, na kwa muda wote huo hajapata kumwonea haya mzee mwongo.

"Mzee Faraj, nimepima mikojo ya mji huu hata nimechoka. Huu wako umebakia kutiwa iliki."

Akachukua kadi, akaandika, akakata mstari, akaandika tena. Kidonge kimoja hakitoshi, alisema. Kuanzia leo ni viwili asubuhi na viwili jioni. Halafu akasema jambo jingine refu kuhusu vidonge na chakula, akilihesabu kwa vidole, jambo la maana kweli kweli ambalo Faraj hakulisikia hata neno.

Alikuwa anamfikiria Kingi.

Kingi ana sukari! Kingi, anayekoroga sufuria la halwa saa nne mfululizo kwa mkono mmoja huku anakula mhogo kwa mwingine. Faraj alimpenda Kingi, ingawa hajapata kumwambia, maana kwa desturi ya jikoni mapenzi husemwa kwa matusi. Alitoka zahanati amejaa hofu ya kweli, na hofu yenyewe, kwa mara ya kwanza tangu augue, haikuwa ya nafsi yake.

Lakini angesema nini? "Kingi, mkojo wako mchafu"? Kingi angeuliza aliyempima nani. Maisara angesikia. Uwongo wa tatu, Lamu, harusi bila mama wa bibi harusi. Faraj akashika njia ya nyumbani na siri yake.

Maisara alimngoja mlangoni, mkono umenyooshwa. Aliisoma kadi mara mbili. Faraj aliinamisha kichwa kungoja mvua ya maneno.

Haikunyesha.

"Tofali, eh?" alisema Maisara, taratibu kabisa. "Basi. Ndivyo Mungu alivyopanga."

Sauti ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Mke mwingine angelia, mwingine angetukana. Faraj hakulitilia maanani, lakini wewe msomaji liweke hapo karibu, tutalihitaji.

"Nitampelekea Zakariya habari," aliendelea Maisara.

"Mama Mwanakuu, nichinje kwanza."

"Wataka apike nani?"

"Kingi. Kingi ajua kila kitu. Mimi nitakaa nje mlangoni juu ya kigoda, nitamwelekeza kwa pua. Sitaingia. Nifunge kamba ukitaka."

Maisara alifikiri, akakubali. Kingi apike. Ikishaiva imwagwe kwenye masinia, mlango ufungwe, ufunguo urudi shingoni kwake. "Na vidonge hivi utavimeza mbele yangu, ukishameza ufunue mdomo nitazame."

Kisha akaingia kwenye elimu yake mwenyewe. Sukari ikiwa nyingi, alisema, chakula kiwe kidogo, hilo halihitaji daktari. Wali ukaondoka. Chapati ikaondoka. Ikabaki sahani ya mchicha wa kuchemsha na nusu kiazi. Na kwa kuwa Mji wa Kale wote una shahada ya udaktari, majirani nao wakaleta dawa. Huyu uwatu wa kuroweka, yule maji machungu ya karela yanayofanya masikio yalie. Maisara alikusanya vyote akampa mumewe kwa zamu, vidonge vinne, karela, uwatu, mchicha.

Kufikia Jumatano asubuhi mkono wa Faraj ulikuwa ukitetemeka akishika kikombe.

"Umeonja!" alisema Maisara.

"Sikuonja! Walahi safari hii sikuonja!"

"Na mkono huo watetemekea nini? Ni sukari hiyo yapanda."

Akaondoa nusu kiazi.

Siku hiyo ya Jumatano Kingi aliwasha kuni mapema. Alitoka Buxton kwa miguu kama kawaida yake, akavua shati, akamimina wanga uliorowekwa, sukari na samli, akashika mwiko ulio mrefu kama kasia. Faraj alikaa nje juu ya kigoda, pua imeelekea ndani.

"Zidisha moto upande wa kushoto!"

"Ndiyo, mzee."

"Zafarani bado! Ukitia sasa nakuvunja mguu."

"Ndiyo, mzee."

Faraj alimtazama kwa jicho la upya, na kila alichokiona kilikuwa dalili. Kingi alikunywa maji kikombe kizima. Dalili. Alijifuta jasho. Dalili. Mbavu zilionekana. Dalili kubwa.

"Kingi, siku hizi wanywa maji mengi sana, ama vipi?"

"Mzee, nakoroga halwa. Moto huu hata shetani angeomba maji."

"Na umekonda."

"Mke wangu amejifungua juzi. Hatulali."

"Na haja ndogo, waenda mara ngapi?"

Mwiko ukasimama. Kingi hajapata kusimamisha mwiko halwa ikiwa motoni, hata siku ya mvua za Elnino maji yalipoingia jikoni na kumfika magotini.

"Mzee," alisema polepole, "maji yangu umeyapeleka wapi?"

Hapa inafaa tueleze. Kwao Kingi mtu hamwachii mtu nywele zake wala kucha zake, sembuse kumtilia mkojo kwenye chupa akaondoka nao mfukoni. Kingi aliutoa kwa sababu Faraj ndiye aliyemfunza kazi, akaona aibu kumkatalia. Lakini tangu Jumatatu jioni alipomkabidhi ile chupa, hakuwa amepata usingizi wa raha, na mtoto mchanga alikuwa kisingizio tu.

"Kingi, koroga, itashika."

"Na ishike. Yako wapi?"

Faraj alitazama nyuma. Maisara alikuwa sokoni Marikiti kununua iliki. Akavuka kizingiti alichoapa hatakivuka, akamnong'oneza.

"Una sukari, mwanangu."

"Nina nini?"

"Mkojo uligeuka rangi ya tofali. Nimeona kwa macho yangu. Nisamehe. Nilidhani wewe ndiye mzima kuliko sote."

Kingi aliketi chini, kwenye gunia la wanga, bila kuuliza kama limejaa au tupu. "Nina watoto watatu," alisema.

Faraj akashika mwiko yeye mwenyewe, maana halwa haijui msiba. Alikoroga mizunguko saba tu, dunia ikaanza kuzunguka pamoja na mwiko. Akajishikiza ukutani, akadhani ni majuto.

Na hapa, nawaambieni kweli, jirani na sufuria lililojaa, pua imo ndani ya mvuke wa samli, hakuonja. Hakukumbuka hata kuonja. Kama angelamba ule mwiko siku hiyo, kisa hiki kingeishia hapa na sote tungekwenda zetu nyumbani.

"Kesho naenda kupimwa mwenyewe," alisema Kingi akisimama. "Na mkojo nitautolea pale pale, mbele ya Sista, nikiushika hata uishe."

"Nenda. Lakini Mama Mwanakuu asijue."

"Mzee, mimi nafa na wewe bado wamwogopa Mama Mwanakuu?"

"Wewe humjui," alisema Faraj.

Halwa ikaiva, ikamwagwa kwenye masinia sita, lozi zikapangwa juu. Maisara akaja, akahesabu masinia, akafunga mlango, akavaa ufunguo.

Alhamisi. Vidonge viwili, karela glasi nzima, mchicha vijiko vitatu. Vilivyobaki Faraj alivikataa mwenyewe. Hakuwa na hamu. Alitoka akakaa juu ya kigoda chake mbele ya mlango uliofungwa, nyuma yake masinia sita ya halwa, mbele yake ua na kamba ya nguo.

Kingi hakuwa amerudi. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita.

Jasho lilianza shingoni, baridi, jasho la ajabu kwa mtu aliyekaa kivulini. Kanzu ikalowa mgongoni. Mikono ilitetemeka hata akaikalia. Kamba ya nguo ikawa kamba mbili. Faraj, ambaye miezi mitatu amekuwa akiukejeli ugonjwa huu kama mtu anayemkejeli mbwa aliyefungwa, alihisi kwa mara ya kwanza kuwa mbwa hakufungwa.

Nafa, aliwaza. Na kama nafa, Kingi naye anakufa, na ajuaye ni mimi peke yangu.

Maisara alitoka na beseni la nguo. Alimwona, akaliweka chini.

"Baba Mwanakuu, mbona rangi yako hivyo?"

"Maisara." Ulimi ulikuwa mzito, kama si wake. "Nina neno."

"Ukishapumzika."

"La. Sasa. Huu ni uwongo wa tatu, wende Lamu ukitaka. Ule mkojo haukuwa wangu."

Maisara alijifuta mikono, akamsogelea.

"Ulikuwa wa Kingi. Nilimwomba mimi, yeye hana kosa. Nilitaka ufunguo. Nilitaka nimpikie mwanangu." Alivuta pumzi. "Kingi ana sukari, Maisara. Rangi ya tofali. Mtazameni Kingi, ana mtoto mchanga. Mimi niacheni."

Hii ndiyo kweli ya kwanza Faraj aliyoikiri mbele ya mkewe tangu mwezi wa Machi, tena nzima, bila kuonjwa pembeni. Alingoja radi.

Maisara aliketi chini kwenye saruji, palepale penye maji ya nguo.

"Wa Kingi?" alisema. "Ile chupa ya kwenye dirisha la choo? Ilikuwa ya Kingi?"

"Ilikuwa ya Kingi."

"Yallah." Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yallah, Faraj, niliitia glukosi."

Faraj alisikia neno hilo likija kutoka mbali. "Uliitia nini?"

"Glukosi! Ile iliyobaki kwenye mkebe, Mwanakuu alipokuwa na malaria. Vijiko viwili, mkebe ukaisha. Alfajiri ya Jumanne, ulipokwenda msikitini. Nilidhani ni wako!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilidhani umejichunga!" Sasa alikuwa analia na kupiga kelele kwa pamoja. "Wiki mbili sikukuona ukila kitu kitamu. Nikasema safari hii atatoka safi. Akitoka safi sina budi nimpe ufunguo, na nikimpa ufunguo ataingia humu ndani ale hata afe. Nikasema bora nikutishe. Kama sukari unayo, glukosi haitazidisha kitu, na kama huna, utaogopa. Nilikuwa nakuokoa, baradhuli wewe!"

Mtu mwingine angekasirika. Faraj alitaka kucheka. Miaka ishirini na minane amekuwa akimwogopa mwanamke huyu kwa ukweli wake, kumbe mwongo hodari wa nyumba ni huyo huyo. Alifungua mdomo acheke, ikatoka sauti ndogo tu, na kigoda kikamtoka chini yake. Akawa amelala ubavu, shavu juu ya kizingiti cha mlango.

Lango la ua likapigwa teke.

"Buluu!" Kingi aliingia anahema, shati mkononi. "Mzee, buluu! Buluu tupu! Sina kitu! Nimekimbia—"

Akaona.

"Amemeza vidonge leo?"

"Viwili," alisema Maisara. "Kama alivyoandikiwa."

"Na amekula?"

"Ale nini, na sukari imempanda?"

Kingi alipiga magoti, akamshika Faraj paji la uso, akaona mkono wake umelowa. "Mama, Sista aliniuliza mzima kama mimi nimekuja kupimwa nini. Nikamwambia yote. Akapiga meza hata chupa zikaanguka. Asema vidonge vile si vya mzee. Asema aliandika kwa mkojo wangu, na mtu akivimeza vingi hivyo bila kula, sukari yaisha mwilini. Akitoka jasho na kutetemeka apewe kitu kitamu hapo hapo, asingoje. Yeye mwenyewe yuaja, yuko nyuma."

"Kitamu?"

"Sukari. Asali. Chochote."

"Nyumbani hamna sukari. Hamna asali. Nilitoa vyote nikawapa majirani." Maisara alisimama, mgongo ukagusa mlango wa jiko. "Na ningekuwa navyo nisingempa! Miezi mitatu namlinda mtu huyu na sukari, leo nimlishe sukari kwa mkono wangu? Umerukwa na akili, Kingi?"

"Si maneno yangu, ni ya Sista."

"Na mimi nitakuaminije, wewe uliyekubali kutoa mkojo wako? Nyote wawili mmenidanganya!"

Kingi alimtazama. Alikuwa hajapata kumjibu Maisara katika miaka tisa ya kazi.

"Na wewe, Mama, je?" alisema.

Faraj aliyasikia haya yote vizuri, lakini kwa mbali, kama mtu aliye chini ya kisima. Kutoka chini ya mlango, sentimita chache kutoka puani pake, ilikuja harufu ya iliki na zafarani na samli. Masinia sita. Alijua moja baada ya jingine lilipowekwa. Alitaka kusema: mpeni Kingi ruhusa, Kingi hasemi uwongo. Ikatoka "Ki," basi.

Maisara alishika ufunguo shingoni. Uzi haukutaka kupita kichwani, ukanasa kwenye shela, akaukata kwa nguvu hata shingo ikatoka alama. Ufunguo ulianguka. Akauokota. Ukakosa tundu, ukakosa tena.

"Nipe mimi," alisema Kingi.

"Niache!"

Mlango ukafunguka. Faraj alisikia miguu ya mkewe ikipita juu yake, sinia likivutwa, lozi zikimwagika sakafuni. Kisha Maisara alikuwa amepiga magoti, kichwa cha mumewe kwenye paja lake, na katika vidole vyake vitatu donge la halwa linang'aa, halwa ya harusi ya Mwanakuu, ambayo hakuna mkono uliokuwa umeigusa.

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Maisara alimbembeleza ale halwa.

"Onja," alisema, machozi yanamdondokea Faraj usoni. "Onja tu, baba. Kidogo tu. Onja, nakwambia!"

Faraj alitaka. Mungu shahidi, hajapata kutaka kitu hivyo. Aliiona inakuja, akahisi samli ikigusa mdomo wa chini, akauamuru mdomo ufunguke.

Meno yalikuwa yamefungana, hayakufunguka. Yaliyobaki, Ijumaa ijayo.